Jumba la St Pancras: Matao Mekundu ya London

Msafiri anayeshuka garimoshi katika kituo cha St Pancras, London, akatoka nje hadi barabara ya Euston, hana budi kugeuka na kuinua uso. Hapo limesimama jumba refu la matofali mekundu, lenye minara iliyochongoka, mnara wa saa, na safu juu ya safu za madirisha ya matao. Mgeni kutoka Pwani huenda akadhani ni kanisa au kasri la mfalme. La hasha. Jumba hili lilijengwa liwe hoteli.

Zama hizo kampuni za reli zilikuwa zikishindana kwa fahari. Kampuni ya Midland ilimkabidhi kazi msanifu George Gilbert Scott. Ujenzi ulianza mwaka 1868, wageni wa kwanza wakapokewa 1873, na kazi yote ikakamilika 1876. Hoteli ikaitwa Midland Grand, yenye vyumba vipatavyo 300, lifti zilizoendeshwa kwa nguvu za maji, na ngazi kuu inayogawanyika pande mbili huku ikipanda chini ya dari iliyopakwa rangi.

Mtindo wake ni wa Kigothi, na alama yake kubwa ni tao lililochongoka kileleni. Tao hilo si geni kwetu. Msikiti wa Ibn Tulun mjini Cairo, uliokamilika mwaka 879, umejaa matao ya namna hiyo, nao uliyatangulia makanisa ya Kigothi ya Ulaya kwa zaidi ya karne mbili. Christopher Wren, msanifu wa kanisa kuu la St Paul's, aliona kwamba mtindo wa Kigothi ulistahili kuitwa wa Kisaraseni, jina ambalo Wazungu waliwaitia Waislamu. Wanazuoni wangali wanajadiliana juu ya kauli yake. Lakini atazamaye matao ya magofu ya Gede, kisha akayaona ya St Pancras, hatashangaa kwamba Wren aliwaza hivyo.

Pamoja na fahari yote hiyo, jumba lilikuwa na kasoro ambayo kina mama wataitambua upesi: vyumba vya kuogea vilikuwa vichache mno. Watumishi walipandisha maji ya moto hadi vyumbani na kuyateremsha machafu. Sakafu zilikuwa nene, zimejengwa kustahimili moto, hata kupitisha mabomba baadaye ikawa shida. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zilikuwa tayari na choo na birika la maji ndani, kwa kuwa tohara na udhu havingoji.

Hoteli ilifungwa mwaka 1935, ikageuzwa ofisi za reli. Miaka ya 1960 lango kuu la kituo jirani cha Euston lilibomolewa licha ya malalamiko ya wengi, na St Pancras nayo ikatajwa kuwa itafuata. Mshairi John Betjeman na wenzake wa chama cha kuhifadhi majengo ya enzi ya Malkia Victoria walisimama kulitetea, na mwaka 1967 likapewa daraja ya juu kabisa ya ulinzi wa kisheria. Hata hivyo, lilikaa miaka mingi likiwa tupu kabla ya kufunguliwa tena kuwa hoteli mwaka 2011.

Ndugu msomaji, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Lakini orodha hailindi mlango wa nakshi ambao warithi wameafikiana kuuuza, wala zidaka zinazovunjwa ili ukuta upakwe saruji. Anayeweza kuvilinda ni mwenye nyumba na aila yake. Wiki hii, kina mama, wakalisheni watoto kwa bibi yao, awatajie daka, msana, ndani na zidaka, na nani alizijenga. Mtoto anayejua jina la kitu hukisikitikia kikitaka kubomolewa.