Kisasili cha Simbi na Maji ya Nyando: Safari ya Mhadhiri kutoka Katito

Barabara itokayo Ahero huvuka Mto Nyando, hupita kando ya mashamba ya mpunga, kisha hufika Katito, soko la Nyakach ambapo msafiri hana budi kuchagua: ashike njia ya Sondu iendayo Kisii, au akate kulia kuelekea Kendu Bay na Homa Bay. Mhadhiri mmoja wa fasihi, mzaliwa wa pande hizo za bondeni, aliteremka hapo asubuhi moja ya Januari akiwa na daftari, kinasa sauti na swali ambalo alikwisha kulijibu. Alikusudia kukusanya masimulizi ya kisasili cha Simbi, mji uliozama, ili akamilishe makala juu ya ukarimu kama nguzo ya maadili katika ngano za Waluo. Mama yake, ambaye tangu 2020 alikuwa akiishi karibu na soko hilo kwenye kiwanja cha shemeji yake, alimpa chai, akamwuliza anaharakia wapi. Alipojibiwa kwamba anakwenda Simbi kutazama mji uliozama, alinyamaza kidogo.

"Haya," alisema. "Ukirudi nitakupeleka kuona mwingine."

Kisasili chenyewe kinafahamika sana. Bibi kizee mgeni, amechoka na ana njaa, anafika Simbi usiku wakati wenyeji wamo katika karamu ya pombe na ngoma. Anabisha mlango huu na ule, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anampokea, anampa moto na chakula. Kizee anamwambia aondoke pamoja na mumewe kabla maji hayajafika. Mwanamke anatoka, mume aliyelewa anacheka na kubaki. Mvua inashuka, ardhi inadidimia, na penye mji panakuwa ziwa.

Kwa miaka mingi mhadhiri huyu alikuwa amekifundisha kisasili hicho kwa wanafunzi wa mwaka wa pili. Aliwaonyesha, kwa msaada wa Vladimir Propp na kitabu chake cha 1928, jinsi katazo linavyovunjwa na adhabu inavyofuata. Aliwapeleka kwa watu wa Lut. Aliwapeleka pia kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, ambaye katika kitabu cha nane cha Metamorphoses anasimulia jinsi Jupiter na Mercury, wakiwa wamejigeuza wasafiri, walivyofungiwa milango elfu moja hadi wakapokewa na wazee wawili maskini, Philemon na Baucis. Nchi ile ikageuka kinamasi, makao ya ndege wa majini. Hitimisho lilikuwa moja kila mwaka, nalo liliandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: maji ni hukumu. Mtihani uliwataka watahiniwa waithibitishe kauli hiyo, nao waliithibitisha.

Kendu Bay ilimkaribisha vema. Mji huu una tabaka zake, na mwenye macho ya kusoma huzisoma upesi: msikiti na jumuiya ya Waislamu waliokitia Kiswahili mizizi katika kona hii ya ziwa, maduka ya Wahindi yaliyojengwa enzi za biashara ya meli, na, si mbali, Gendia, ambako wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen na Peter Nyambo, huyu wa pili akitokea Nyasaland, yaani Malawi ya leo, waliingia mwaka 1906, na matbaa ikafuata miaka michache baadaye. Hapa neno la Kiluo lilipigwa chapa wakati ambapo reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa bado changa. Mhadhiri aliyaandika hayo yote, kwa kuwa yalifaa kuwa utangulizi.

Ziwa Simbi lenyewe liko mwendo mfupi tu kutoka mjini. Ni shimo la volkeno lililojaa maji ya magadi, mviringo, kijani kibichi, na siku ile heroe walikuwa wamejipanga pembeni mwake kama waliohudhuria ibada. Fanani wawili walimsimulia. Wa kwanza, kijana, alikitaja kisasili kwa haraka kama mtu anayekariri. Wa pili, mzee, alikawia kwenye mambo ambayo vitabu huyapita: mwanamke yule alivyorudi mara mbili ndani ya nyumba kumwita mumewe, na alivyokwenda gizani bila kuaga majirani kwa sababu kizee alimhimiza. Mhadhiri aliandika "takriri" pambizoni mwa daftari, akafunga.

Siku ya pili mama yake alitimiza ahadi. Walipanda bodaboda hadi Pap Onditi, wakateremka kuelekea Kusa, mahali ambapo Nyakach inakoma na kinamasi cha Nyando kinaanza. Mafunjo yalisimama marefu kuliko mtu, yakivuma kwa upepo wa ziwa. Mama alieleza kazi yake bila kuulizwa: jinsi mabua yanavyokatwa kwa panga, yanavyopasuliwa na kuanikwa, jinsi majamvi yanavyoshonwa kwa kamba na kupelekwa sokoni, jinsi kinamasi kinavyoukamata udongo ambao Nyando unauteremsha kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho, na jinsi kamongo anavyojizika ndani ya tope wakati wa ukame na kuibuka maji yarudipo. Kisha alinyosha mkono kuelekea mahali ambapo mafunjo na gugumaji vilikuwa vimeshikana.

"Baba yako yuko pale."

Mwana alijua, lakini hakuwa amepaona. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, zilizochochewa na joto lisilo la kawaida la maji ya Bahari ya Hindi upande wa magharibi, ziliendelea hadi mwaka uliofuata. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia na kupita kidogo kiwango cha juu kilichokuwa kimewekwa mwaka 1964. Boma lilikwenda, na kaburi lililokuwa ndani ya boma likaenda nalo. Mhadhiri wakati huo alikuwa mjini, safari zimezuiwa kwa sababu ya Korona. Alituma fedha kwa simu.

Mama aliendelea kwa sauti ile ile ya kueleza majamvi. Katika ibada ya kwanza baada ya kuhama, mhubiri mmoja alisema kwamba watu wa ufukoni wamepatwa na yale ya Simbi; wajichunguze ni mgeni gani waliyemfukuza. "Nilijichunguza," alisema mama. "Usiku mwingi. Nilimkumbuka kila aliyepita pale kwetu. Sikumwona niliyemnyima uji. Ndipo nikataka kukuuliza wewe uliyesoma: yule kizee aliwaambia watu wangapi?"

"Mmoja, mama. Yule aliyempokea."

"Basi wengine hawakuambiwa."

Mhadhiri hakuwa na jibu, na afadhali, kwa maana jibu lolote wakati ule lingekuwa la darasani. Alichokitambua, akiwa amesimama kwenye tope na viatu vya mjini, ni kwamba yale aliyoyasema mhubiri hayakupishana hata kidogo na yale yaliyokuwa yakiandikwa ubaoni. Uhakiki wa kimaadili, unaposoma gharika kuwa hukumu, humtwika aliyezama mzigo wa kuthibitisha kwamba hana hatia. Ndani ya ngano mzigo huo haumdhuru mtu, kwa kuwa wenyeji wa Simbi ni wa kubuniwa. Lakini kisasili hakikai ndani ya ngano. Kinatoka, kinaingia katika mimbari na matanga, na huko kinakutana na mjane.

Yamkini kisasili chenyewe hakistahili lawama yote. Katika muundo wake mna jambo ambalo usomaji wa hukumu huliziba: nalo ni habari. Kizee ana habari ya maji. Anampa mtu mmoja. Mtu huyo anampa mmoja mwingine, naye anacheka. Wengine wanalala bila kujua. Kwa mtazamo huo swali la msingi halihusu nani alikosa, bali nani alionywa na nani hakuonywa. Ufukoni mwa Nyando swali hilo si la kinadharia. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita mbili. Baadaye likashuka taratibu, na ardhi iliyoachwa wazi ikalimwa, ikajengwa, ikarithiwa. Waliojenga hapo hawakuvunja katazo lolote. Wengine walikuwa hawajazaliwa wakati maji yalipokuwa pale mara ya mwisho, na kumbukumbu ya wazee haikuwafikia kwa namna ya onyo.

Hata Ovid, akisomwa tena, ana mstari ambao mihadhara iliuruka. Philemon na Baucis, wakiwa juu ya kilima, hawafurahii kuokoka kwao. Wanawalilia jirani zao. Na mzee wa Kendu Bay alikuwa amesema jambo lililo karibu na hilo: mwanamke alirudi mara mbili, akaenda bila kuaga. Hiyo haikuwa takriri tu. Ilikuwa majuto ya aliyeonywa peke yake, yaliyohifadhiwa na fanani ambaye hakuwahi kumsoma Propp.

Jioni, huko Katito, mama alikunja jamvi moja, akalifunga kwa kamba ili mwanawe aende nalo. Mhadhiri alilipokea kwa mikono miwili. Ndani ya matatu ya kurudi Kisumu, gari lilipokuwa likivuka daraja la Ahero na Nyando ikionekana chini, nyembamba na ya rangi ya udongo, alifungua daftari, akakata neno "takriri" kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika swali la mtihani wa mwaka ule, kama alivyoliuliza mama yake.