Kutoka Lamadi Hadi Bariadi: Akiba ya Ngitili

Siku moja ukisafiri kutoka Mwanza kwenda Musoma, shuka Lamadi. Ziwa Victoria liache nyuma yako, upande gari liendalo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu ni mchanga bado. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, nao una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu.

Usisinzie garini. Kama ni mwezi wa Septemba utaona nchi kavu, mashamba ya pamba yaliyokwisha vunwa, ng'ombe wembamba wakinusa vumbi, na akina mama wakifukua mchanga wa mto wapate ndoo moja ya maji. Halafu ghafula utaona kipande cha nchi chenye migunga na majani marefu, wala hamna ng'ombe ndani yake. Utasema: Je, mwenye majani haya ana wazimu, hata awaache ng'ombe na njaa? La, hana wazimu. Hiyo ndiyo ngitili.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma tangu zamani. Mvua zikianza, mwenye nchi huifunga, mifugo isiingie. Kiangazi kikikaza, huifungua sehemu baada ya sehemu, wakala kwanza ndama na maksai wa kulimia. Mwenye kuvunja sheria hutozwa faini na mkutano wa wazee, uitwao dagashida.

Lakini desturi hii ilikaribia kufa. Wakati wa ukoloni pori lilifyekwa ili kufukuza mbung'o. Kisha mashamba ya pamba yakaongezeka. Na watu walipohamia vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa bila mwenyewe. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo katika mkoa wote wa Shinyanga, pamoja na Bariadi, Maswa na Meatu, zilihesabika hekta 600 tu hivi za ngitili. Wataalamu waliwauliza wazee, wakaifuata njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Karibu na Bariadi nilikaribishwa na mzee mmoja mwenye ngitili ya ekari sita. Wanawe wanataka miti ikatwe, ichomwe mkaa, wapate ada ya shule ya wajukuu. Mzee aliniambia, "Mwanangu, fedha ya mkaa nitaila mara moja. Kiangazi kijacho ng'ombe niwalishe noti?" Wala wanawe si wapumbavu, kwa maana ada ni deni la kweli. Siku niliyoondoka walikuwa hawajapatana.

Labda utaniuliza, ugomvi wa nyumba moja unatuhusu nini? Sikiliza. Mti unapokua huvuta hewa ya ukaa na kuifungia katika shina na mizizi yake. Ukichomwa, hewa hiyo hurudi juu. Huko juu hufanya kazi ya blanketi: huzuia joto lisitoke, na majira hugeuka. Viwanda na magari ya nchi tajiri ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa. Afrika yote imetoa kidogo sana. Hata hivyo ukame haumwulizi mtu kama ana kosa.

Kwa hiyo mkoa umepangiwa kazi kubwa. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi ulikubali kutoa zaidi ya yuro milioni 100, na Serikali yetu na Ujerumani zikaongeza zao, ili maji ya Ziwa Victoria yavutwe kwa mabomba hadi Simiyu, na wakulima wafundishwe kilimo kinachovumilia ukame. Ni jambo la kushukuru. Lakini bomba litaleta maji tu, halitaleta majani. Ng'ombe aliyekunywa akashiba maji bado anahitaji malisho, na udongo ulio uchi huchukuliwa na mvua hadi mtoni.

Basi, mpango wa mkoa hauishii ofisini Bariadi. Unafika hata kwenye mpaka wa shamba lako. Kabla hujakata, kaeni kitako baba, mama na watoto, mkapige hesabu. Ngitili hutoa kuni zilizokauka, nyasi za kuezekea, fito, dawa, na asali ukitundika mizinga. Vitu hivyo vikiuzwa vyaweza kusaidia ada kila mwaka, na miti ikabaki imesimama. Ng'ombe nao, ukipunguza wengi waliokonda ukabaki na wachache walionona, utapata maziwa zaidi.

Wazee walisema: akiba haiozi. Ukipita njia ile ya Lamadi tena, tazama dirishani. Ukiona majani yamesimama katikati ya vumbi, ujue kuna nyumba iliyofikiria mwezi wa Oktoba tangu mvua za kwanza. Je, yako ni mojawapo?