Kichwa cha Yatima



Waarabu wana methali juu ya mtu ajifunzaye kunyoa katika vichwa vya mayatima. Yatima hana baba wa kumlalamikia kinyozi, basi wembe wa mwanagenzi huanzia kwake. Juma hili tumeikumbuka methali hiyo tulipokuwa tukisoma habari za mashine zinazowafunza madaktari wapasuaji, na imetulazimu kukiri jambo tulilolinyamazia kwa miaka kadhaa.

Tulilazwa hospitalini ili tupasuliwe ngiri. Jioni ya kuamkia siku ya upasuaji, daktari kijana alikuja kitandani petu. Akatueleza kwa adabu kwamba yeye ndiye atakayeshika kisu, kwamba ni mara yake ya kwanza kuongoza kazi hiyo, na kwamba mkuu wake atasimama kando yake muda wote. Alisema kweli, ilhali angeweza kunyamaza. Tukamshukuru, kisha tukaomba tupasuliwe na mkuu. Ombi la padri halikataliwi kirahisi, nasi tukakubaliwa. Asubuhi tulitambua kwamba kijana yule amepangiwa mzee wa kitanda cha pili, mkulima mwenye maradhi kama yetu. Hatukusikia mtu akimwuliza kama ameridhia.

Mzee alipona, Mungu ashukuriwe, lakini jeraha lake lilichelewa kufunga, nasi tukaruhusiwa kwenda nyumbani tukimwacha wodini. Kama sababu ilikuwa mkono wa mwanagenzi au umri wake, si juu yetu kuhukumu. Linalotuhusu ni hili: hatari hatukuiondoa, tuliihamisha tu.

Nasi tulikuwa watu wa mwisho kustahili kumkimbia mwanagenzi. Tukiwa mashemasi seminarini, mlezi wetu aliketi mbele yetu akijifanya mwungamaji, leo mwizi, kesho mjane mwenye uchungu. Tulikosea, akatusimamisha, tukaanza upya. Hakuna roho iliyojeruhiwa kwa makosa yale. Tulipewa mahali pa kukosea. Je, daktari yule alipewa mahali gani?

Tangu zamani wapasuaji wamefunzwa kama mafundi wengine: kumtazama mkubwa, kisha kutenda chini ya jicho lake. Ugumu uliongezeka ulipoingia upasuaji wa matundu madogo, ambao kwa njia yake Erich Mühe wa Ujerumani alitoa kifuko cha nyongo mwaka 1985. Hapo daktari hakitazami kiungo chenyewe, bali picha bapa katika skrini. Vyombo vyake ni virefu na hupita katika tundu la ngozi, hata mkono ukienda kulia, ncha huenda kushoto. Mazoea yote ya mikono hupinduliwa.

Ndipo wataalamu walipofikiria uhalisia pepe, yaani mazingira yanayoumbwa na kompyuta, ambamo mwanafunzi hushika vyombo halisi na kutenda katika taswira. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipata mafunzo ya kawaida tu. La pili liliongezewa mazoezi ya kompyuta, hadi kila mmoja afikie kiwango kilichotokana na wapasuaji wenye uzoefu. Kisha wote walishiriki kutoa kifuko cha nyongo kwa wagonjwa halisi, na kazi yao ikapimwa kwa video na wakaguzi wasiojua nani alitoka fungu gani. Waliozoezwa kwa mashine walimaliza sehemu yao kwa muda mfupi zaidi, tofauti ya asilimia 29. Wenzao walifanya makosa yapata mara sita zaidi, na walielekea mara tano zaidi kukijeruhi kifuko au kuunguza mahali pasipohusika.

Watu 16 ni wachache, lakini funzo ni zito. Tuone hasa namna ya kupima: mwanafunzi hakuhesabiwa kuwa tayari kwa sababu ametimiza saa au miaka, bali kwa sababu mkono wake umefikia kipimo. Mashine huandika muda, njia ya chombo na kila kosa. Haimwonei haya mtoto wa mkubwa, wala haimdharau mtoto wa maskini.

Hata hivyo mashine ina mpaka. Katika taswira hakuna anayefiwa. Kazi ikiharibika, mwanafunzi huanza tena. Hupima mkono, lakini haijui kama mwenye mkono huo atamketi mgonjwa karibu na kumwambia kweli. Tena bei yake ni kubwa kwa hospitali nyingi za kwetu. Lakini sanduku la kawaida lenye kamera na vyombo vya mazoezi hugharimu kidogo, nalo pia huufundisha mkono. Basi umaskini usiwe kisingizio cha kuendelea kujifunzia kwa yatima.

Kabla hatujaondoka wodini, mzee yule alituambia kwa furaha: “Padri, mimi nimebahatika. Yule kijana huja kunitazama kila usiku, hata zamu yake ikiwa imekwisha.” Tulitikisa kichwa, tusimwambie kwa nini alimpata. Kijana alikuwa na kile ambacho mashine haiwezi kumpa mtu. Alichokosa ni mahali pa kukosea kabla ya kumgusa mzee, na mahali hapo panaweza kununuliwa.

Wenye mamlaka juu ya hospitali, wapeni vijana mahali hapo. Nasi tulio na sauti, siku tutakapoomba mkono wa mkuu, tuulize kwanza ni nani aliyelala kitanda cha pili.