Wapiti Hawapiti

Nilikwisha kutunga beti mbili za ushindi kabla hatujatoka nyumbani. Malenga wenzangu mtanicheka, na mnayo haki: nilimsifu mnyama aliyekuwa bado mzima porini, nikaisifu risasi isiyofyatuliwa, na vina vya kati vikakaa sawasawa bila taabu. Kutokuwapo kwa taabu kungenitosha kuwa onyo.

Ilikuwa Oktoba 2023, katika jimbo la Colorado, Marekani, ninakoishi. Jirani yangu, mtu wa miaka 74 ambaye mimi humwita Mzee naye huitika, alikuwa amepata kibali cha kuwinda elki dume mmoja. Kibali cha eneo alilolitaka hutolewa kwa kura. Anayekosa huandikiwa pointi moja ya kumsogeza mbele mwaka ufuatao. Mzee alikosa miaka sita mfululizo. Alipopata, pointi zake zote zikafutika, kwani ndivyo sheria ilivyo. Mimi niliomba nikakosa, basi nikawa mchukuzi wake.

Mwaka ule vibali vilikuwa haba kuliko kawaida. Majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali mno kaskazini-magharibi mwa jimbo. Theluji ilirundikana, wanyama wakashindwa kuyafikia majani yaliyofunikwa, wengi wakafa kwa njaa, hasa watoto wao. Wahifadhi wakapunguza vibali ili waliosalia wapate kuzaana.

Katika beti zangu nilimwita mnyama huyo kulungu, kwa sababu kina cha -ngu kilinifaa. Nilijua si kweli. Kulungu wa kwetu si mkubwa sana kuliko mbuzi, na pembe za dume lake, zisizo na matawi, hukaa naye hadi kufa. Elki dume aweza kupita kilo 300, na pembe zake zenye matawi hudondoka kila mwaka baridi ikielekea kwisha, kisha huota upya. Wafasiri wa Biblia waliwapa jamaa zake jina la ayala, neno zuri, ila nje ya Zaburi ni wachache walitambuao. Hata walowezi wa Kiingereza walikosea: walimpa jina ambalo kule Ulaya ni la mnyama mwingine, mkubwa zaidi na mwenye pua nene. Jina lililo karibu zaidi na wenyeji ni la Kishawnee: wapiti, yaani mwenye makalio meupe.

Msimu wetu ulikuwa wa siku tano. Kila siku tuliamka saa kumi alfajiri, tukavaa fulana za rangi ya chungwa inayong'aa kama sheria itakavyo, tukapanda mteremko wa misonobari huku sakitu ikilia chini ya viatu. Magoti ya Mzee yanamwuma. Kila baada ya hatua ishirini alisimama, akajifanya anatazama mandhari. Siku ya kwanza tuliona nyayo za zamani. Ya pili, kinyesi kikavu. Ya tatu na ya nne hatukuona kitu ila kunguru.

Usiku wa siku ya nne, hemani, ulimi ukaniponyoka: "Wapiti hawapiti."

Mzee akauliza nimesema nini. Nikamweleza kwamba katika lugha yangu jina la mnyama wake limo, zima, ndani ya neno la kusema kwamba hawapiti. Akacheka hadi akakohoa, akanitaka nilirudie mpaka naye akaweza kulitamka. Nilipolala nikahesabu kwa vidole: mizani saba. Kipande chadai nane. Nikatia "nao", ikazidi. Nikatia "ah", ikatimia, lakini ilikuwa kiraka, na kiraka hujulikana.

Jioni ya siku ya tano, jua likikaribia kuzama, mmoja akapita. Alitoka kwenye miti iliyokwisha kupukutika majani, akasimama mbele yetu, karibu kiasi cha kuiona pumzi yake. Dume. Mzee akaegemeza bunduki juu ya gogo. Sheria ya eneo lile yataka upande mmoja wa pembe uwe na matawi manne au zaidi, au tawi la mbele ya uso lenye urefu wa inchi tano. Huyu pembe zake zilikuwa nyoofu kama mikuki miwili. Alikuwa kijana wa mwaka mmoja na miezi michache.

Nikamnong'oneza Mzee neno ninaloona haya kuliandika: kwamba hakuna anayetuona.

Hakunijibu. Alimtazama yule kijana kwa muda mrefu, kisha akaitoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni. "Baridi ile huyu alikuwa mtoto," akasema. "Na ameivuka."

Njiani kurudi aliniambia kwamba hataomba tena. Nilitaka kumpinga, lakini hesabu nilikuwa nayo: pointi zake ni sifuri, na miaka sita mingine ingemfikisha 80. Friza yake imejaa kuku wa dukani. Zile beti mbili nimezichana, na kulungu wangu pamoja nazo; sikuwa na kibali cha neno lile, nililichukua kwa kuwa hakuna aliyeniona.

Imebaki "Wapiti hawapiti". Bado ina mizani saba, na tangu jioni ile haina hata ukweli wake wa awali, kwa maana mmoja alipita. Mwenye mizani ya nane isiyo kiraka na aniletee. Mzee huniuliza kila tukikutana kama nimeipata.