Twende Mlimani Tukautazame Udongo

Ndugu msomaji, leo tutatembea. Safari yetu si ndefu. Tutaanzia bondeni, katika Kata ya Iyula, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Tutapanda mteremko mpaka juu penye miti. Chukua jembe, chupa tupu inayoonyesha ndani, na maji kidogo. Kama hukai Iyula, safari hii unaweza kuifanya katika kilima cha kijiji chako.

Kwa nini twende? Liko jambo linalowasumbua wakulima wengi wa nchi ya milima. Shamba la zamani limechoka. Watoto wamekua, nao wanataka mahali pa kulima. Baba anainua macho, anaona miti mlimani. Miti ni mikubwa na kivuli ni kizito. Anasema moyoni, "Pale pana rutuba. Udongo unaolisha mti mkubwa namna ile, utashindwaje kulisha mahindi?"

Swali hilo ni zuri. Lakini mtu akilijibu kwa haraka anaweza kupoteza mti, mbegu, mbolea na nguvu zake. Basi twende tukaone.

MAWE YA ZAMANI SANA

Iyula iko katika nchi ya juu ya Mbozi. Sehemu kubwa ya nchi hii iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili.

Njiani tutazame mawe. Utaona jiwe lenye mistari, mweupe na mweusi, kama kitambaa cha kikoi. Huenda ukaona vipande vinavyong'aa kama kioo. Hivyo huitwa ulanga. Utaona pia mawe meupe, magumu, yasiyovunjika upesi.

Mawe haya yenye mistari ni miamba geu. Yanaitwa hivyo kwa sababu yaligeuka. Zamani sana yalikuwa chini kabisa ya ardhi. Huko yalipata joto kali na kubanwa kwa nguvu nyingi, yakabadilika sura. Wataalamu wanakadiria kwamba miamba ya namna hii katika nchi yetu ya kusini magharibi ina umri wa karibu miaka milioni 2,000.

Ukienda Tukuyu, katika Wilaya ya Rungwe, utaona mambo mengine. Mlima Rungwe ni mlima wa volkano. Udongo wa kule umetokana na majivu na mawe yaliyotoka tumboni mwa mlima. Kwa hesabu ya ardhi, udongo huo bado ni kijana. Una chakula kingi cha mimea.

Udongo wa miamba geu ni mzee. Fikiri juu ya majani ya chai. Ukiyachemsha mara ya kwanza, chai ni nzito. Ukiyachemsha tena na tena, unapata maji tu. Mvua nayo imeuosha udongo wa mteremko kwa maelfu na maelfu ya miaka. Imechukua chokaa na vyakula vingine vya mimea, ikavipeleka chini na mtoni. Yale mawe meupe magumu hayayeyuki upesi. Ndiyo yaliyobaki, nayo ndiyo changarawe unayoikanyaga.

CHIMBA SHIMO

Sasa tumefika penye miti. Usiikate. Ondoa majani makavu kwa mkono. Chimba shimo dogo lenye kina cha mkono mmoja, toka vidole mpaka kiwiko.

Tazama ukuta wa shimo. Juu kabisa kuna udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu nzuri. Pima kwa vidole. Mara nyingi katika miteremko kama hii tabaka hilo ni jembamba. Chini yake rangi hubadilika. Udongo huwa mwekundu au wa manjano, na jembe linalia kwa kugonga changarawe. Tazama pia mizizi midogo. Mingi imejaa katika ule udongo mweusi. Chini ni michache.

Chukua udongo wa chini, utie katika chupa mpaka ifike robo. Jaza maji, tikisa sana, kisha iweke chini itulie. Changarawe itashuka kwanza. Mchanga utafuata. Mfinyanzi utakuwa juu, na maji yatakaa na ukungu kwa muda mrefu.

Changarawe hailishi mmea, wala haishiki maji. Ikiwa nusu ya udongo wako ni changarawe, basi mahindi yako yana nusu ya chakula na nusu ya maji. Ndiyo maana mvua ikikatika siku chache tu, mahindi ya mlimani hukunja majani kabla ya mahindi ya bondeni.

Lakini changarawe nayo ina kazi yake. Ikikaa juu ya ardhi, hupokea matone ya mvua, na udongo haupigwi sana. Kwa hiyo usiyatupe mawe yote nje ya shamba. Yapange kwa mistari inayokingama mteremko.

UDONGO MCHACHU

Kuna jambo jingine ambalo jicho halilioni. Udongo uliooshwa na mvua nyingi huwa na tindikali, yaani huwa mchachu. Wataalamu huupima kwa kipimo kiitwacho pH. Hesabu yake huanzia 0 mpaka 14. Katikati ni 7. Udongo ulio chini ya 7 ni mchachu. Kadiri hesabu inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi.

Udongo ukishuka chini ya 5.5, mambo mawili huanza. Kwanza, madini ya aluminiamu yaliyomo katika udongo huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi. Mizizi inakuwa mifupi na minene, haiwezi kutafuta maji mbali. Pili, fosforasi hushikwa na udongo. Unaweza kutia mbolea ya kupandia, lakini mmea usiipate yote. Majani ya mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, huenda yanalia njaa ya fosforasi.

Mkulima asiyejua hili husema, "Mbolea ya siku hizi ni mbaya." Kumbe mbolea ipo, ila udongo umeishikilia.

MBONA MSITU UNASTAWI?

Sasa turudi kwenye swali la yule baba. Kama udongo ni mchachu na una changarawe, mbona miti ni mikubwa?

Jibu liko katika majani yale makavu uliyoyaondoa. Jani huanguka, huoza, na wadudu hulisaga. Chakula kilichomo huingia katika ule udongo mweusi. Mizizi hukidaka mara moja na kukirudisha juu. Msitu huishi kwa kutumia chakula kile kile tena na tena. Akiba kubwa imo katika miti yenyewe na katika vidole vichache vya udongo mweusi. Chini yake ghala halina kitu.

Ukifyeka na kuchoma moto, akiba ile yageuka majivu. Majivu hupunguza uchachu. Mwaka wa kwanza shamba hustawi sana, na mkulima hufurahi. Lakini mvua huyachukua majivu, na mteremko husaidia maji kukimbia. Udongo mweusi nao huondoka. Baada ya misimu michache mkulima amebaki na changarawe.

Wazee wa Unyiha waliyajua haya bila kipimo chochote. Walikata miti, wakachoma, wakapanda ulezi katika majivu, kisha wakahama. Wabemba wa Zambia nao walilima kwa njia ya namna hiyo. Kijana akikaa na babu yake jioni, anaweza kusikia maneno kama haya:

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, kwa nini zamani mlikuwa mnahama mashamba?"

"Mwaka wa kwanza ulezi ulijaa. Baadaye ukawa mfupi kama nyasi za njiani. Tukaiacha nchi ipumzike mpaka miti irudi. Sisi tulikuwa wachache. Ninyi mko wengi. Mtahamia wapi?"

HABARI YA AMANI

Jambo hili liliwahi kuwadanganya hata watu wenye mali nyingi. Twende kwa mawazo mpaka Mkoa wa Tanga, katika milima ya Usambara Mashariki. Huko nako miamba ni miamba geu, mvua ni nyingi na misitu ni mikubwa sana.

Katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Wajerumani, makampuni yao yaliiona misitu hiyo. Yakafikiri kama yule baba alivyofikiri. Yakafyeka msitu na kupanda kahawa. Mwanzoni mikahawa ilistawi. Baada ya miaka michache ikaanza kudhoofika, na mashamba mengi yakaachwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, katika milima hiyo hiyo.

Baadaye, chini ya utawala wa Waingereza, mtaalamu wa udongo aitwaye Geoffrey Milne alifanya kazi Amani. Aliieleza sababu. Udongo wa msitu ulikuwa mchachu na umeoshwa sana, na rutuba yake ilitegemea msitu wenyewe. Leo katika milima hiyo kuna mashamba ya chai. Chai hupenda udongo mchachu ambao mimea mingine huukataa.

Milne alitufundisha jambo jingine. Alitembea sana katika nchi za Afrika Mashariki, akaona kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu toka juu ya kilima mpaka bondeni. Kilima cha pili kina utaratibu ule ule. Mwaka 1935 aliupa utaratibu huo jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo sasa linatumiwa na wataalamu wa udongo duniani kote.

TUSHUKE MNYORORO

Basi turudi Iyula, tushuke kilima chetu pingili kwa pingili.

Juu, penye mteremko mkali, udongo ni mwembamba na wenye changarawe nyingi. Hapo ni mahali pa miti. Tunaweza kuweka mizinga ya nyuki na kuokota kuni kavu. Miti hiyo hupunguza mbio za maji ya mvua, yakaingia ardhini na kutokea chini kama chemchemi. Ukiufyeka mlima, mama anayechota maji bondeni ndiye wa kwanza kuumia.

Katikati, penye mteremko wa wastani, kahawa yaweza kukaa, maana hustahimili uchachu kiasi. Lakini ipate kivuli, matandazo na samadi.

Chini, udongo huwa na kina zaidi, kwa sababu umepokea ulioshuka toka juu. Hapo ndipo pa mahindi na maharage. Lakini kumbuka sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka meta 60 kando ya mito na vyanzo vya maji ziachwe bila shughuli zinazoweza kuviharibu. Zipime kwa kamba.

KAMA UMEKWISHA FYEKA

Labda wewe umekwisha fyeka. Usikate tamaa. Fanya haya:

Kwanza, zuia maji. Piga matuta yanayokingama mteremko. Ili matuta yawe sawa, tumia fremu ya A. Hutengenezwa kwa miti mitatu, kamba na jiwe. Bwana shamba au bibi shamba atakuonyesha. Panda majani ya kulishia mifugo juu ya matuta.

Pili, usichome mabua. Yaache shambani, au yatengenezee mboji. Rudisha shambani kile ambacho msitu ulikuwa unajirudishia.

Tatu, pima udongo. Chota udongo mahali 10 katika shamba, kina cha sentimeta 20. Changanya katika ndoo safi isiyokuwa na mbolea. Chukua nusu kilo, ikauke kivulini, uipeleke kwa bwana shamba. Kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya, hupima udongo. Wakulima wa kahawa wana kituo cha utafiti wa kahawa cha Mbimba, hapo hapo Mbozi.

Nne, kama kipimo kinaonyesha uchachu mwingi, tumia chokaa ya kilimo. Itie na kuichanganya na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Fuata kiasi utakachoambiwa, maana chokaa ikizidi nayo huharibu. Majivu ya jikoni pia husaidia katika bustani ndogo. Usichanganye chokaa au majivu na samadi au mbolea ya yurea kwa wakati mmoja, maana nguvu ya mbolea hupotea hewani.

Tano, chagua mbolea kwa akili. Mbolea ya SA, ikitumiwa mwaka baada ya mwaka, huongeza uchachu. Uliza kama mbolea ya CAN yafaa zaidi shambani mwako.

TURUDI NYUMBANI

Ndugu msomaji, safari imekwisha. Chupa yako imetulia sasa. Ichukue nyumbani. Iweke mahali ambapo baba, mama na vijana wote wataiona, kisha mjadiliane. Shamba la bondeni limechoka kwa sababu gani? Je, tumewahi kulirudishia mboji? Tumewahi kulipima? Tukiufyeka mlima, tutavuna miaka mingapi, na maji tutayachota wapi?

Mkijibu maswali hayo pamoja, mtajua kama shoka litoke nyumbani au libaki pembeni. Kutunza shamba la zamani ni kazi ngumu, lakini mkulima anaweza kuifanya kwa msimu mmoja au miwili na kuona matunda yake. Kuurudisha udongo mweusi uliokwenda na maji, hata wajukuu wetu hawatamaliza kazi hiyo.