Miji ya Wagiriki na ya Warumi: Nani Mwenyeji?

Mnamo mwaka 429 K.K. hivi, Pericles aliwaendea raia wa Athens kuwaomba fadhila. Alikuwa amewaongoza kwa miaka mingi, na katika zama zake ndimo yalimojengwa mahekalu ya marumaru ya kilima cha Akropoli. Sasa tauni ilikuwa imewaua wanawe wawili wa ndoa. Alibakiwa na mwana mmoja, aliyeitwa Pericles vilevile, lakini mamaye, Aspasia, alikuwa mzaliwa wa Mileto; kwa hiyo mwana huyo hakuwa raia. Sheria iliyomfungia mlango ilipitishwa mwaka 451 K.K.: raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni wa Athens. Aliyeipendekeza alikuwa Pericles mwenyewe. Ama kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe. Raia walimhurumia, na kijana akaandikishwa.

Aghalabu miji ya Wagiriki na ya Warumi hutofautishwa kwa mawe yake. Mgiriki, husemwa, aliegemeza ukumbi wa michezo kwenye mteremko wa kilima, kama kule Epidaurus. Mrumi aliuinua juu ya matao hata penye tambarare. Frontinus, msimamizi wa maji ya Roma tangu mwaka 97 B.K., alijigamba kwamba mifereji yake ilikuwa na manufaa kuliko kazi zote mashuhuri za Wagiriki. Majivuno hayo yana walakini. Katika kisiwa cha Samos, Wagiriki walikuwa wamekwisha kutoboa mlima kwa zaidi ya kilomita moja ili kupitisha maji, tena wakianzia pande zote mbili, katika karne ya 6 K.K. Hata barabara zinazokatana kama mistari ya daftari la hesabu zilikuwako Priene kabla ya Warumi kufika huko.

Tofauti iliyo nzito zaidi ni ya watu. Kwa Mgiriki mji ulikuwa 'polis', neno ambalo, baada ya kupitia Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, liliingia katika Kiswahili likiwa limevaa sare: 'polisi'. Polis ilikuwa jamaa ya raia kabla ya kuwa majengo. Watu wa Korintho walipokwenda kuanzisha Syracuse katika karne ya 8 K.K., hawakubaki Wakorintho. Walikuwa Wasyracuse, wenye mji wao na sheria zao. Naye Aristotle, pamoja na elimu yake yote, aliishi Athens miaka mingi akiwa mgeni.

Roma ilifungua mlango. Mwishoni mwa karne ya 3 K.K., Mfalme Philip wa Tano wa Makedonia aliwaandikia watu wa Larissa, mji wa Kigiriki, akiwahimiza waongeze raia. Akawapa mfano wa Warumi, ambao huwapa uraia hata watumwa waliowaacha huru. Mshairi Horace alikuwa mwana wa mtumwa wa namna hiyo, naye alikuwa raia. Paulo wa Tarso, kama Matendo ya Mitume yanavyosimulia, aliepuka mijeledi Yerusalemu kwa kutamka tu kwamba ni Mrumi, ilhali Roma kwenyewe hajautia mguu. Uraia ulipoweza kusafiri hivyo, mji nao ulisafiri. Timgad, katika Aljeria ya leo, ulianzishwa na Kaisari Trajan mwaka 100 B.K. kwa ajili ya askari wastaafu, na wakajengewa uwanja wa baraza, hekalu na mabafu kama ya Roma.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na bei yake. Caracalla alipowapa uraia karibu watu huru wote wa dola mwaka 212 B.K., raia hao hawakuwa na kura yoyote ya kuamua mambo ya Roma. Raia wa Athens, mshona viatu hata mvuvi, alipanda kilima cha Pnyx akaamua vita na amani kwa mkono wake.

Mkono huohuo ulimfikia mwana wa Pericles. Mwaka 406 K.K. alikuwa miongoni mwa majemadari walioshinda vita vya baharini vya Arginusae. Waliporejea walishtakiwa kwa kutowaokoa mabaharia waliokuwa wakizama. Raia wenzake walipiga kura, naye akauawa.