Mfa Maji Hapigi Kelele



Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini gari la pasta wenu lina kasia juu, na kwa nini sikukuu zikifika sionekani nyumbani kwa watu nikila pilau. Leo nawajibu.

Siku hizo mimi hujitolea kama mwokoaji kwenye ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta hapa Mombasa, ule ambao wengi wenu mnauita Pirates. Sina boti la injini. Nina mtumbwi mdogo wa plastiki, ule wa kukalia juu, pamoja na jaketi la kuelea, filimbi, boya na kasia. Kukiwa na mashindano ya kuogelea baharini, napiga kasia kando ya waogeleaji ili aliyechoka apate mahali pa kushika. Siku za sikukuu nakaa upande wa kina kirefu, uso wangu ukielekea ufuoni, natazama vichwa vya watu.

Wenzangu wengi pale ni vijana wa Kiislamu waliozaliwa na bahari hii. Wao ndio walionifundisha. Na sijawahi kusikia mmoja wao akimuuliza anayezama anasali wapi.

Dada mmoja kanisani aliniuliza, "Pasta, ukishamfikia mtu unamhubiria nini?" Dada yangu, simhubirii kitu. Namwambia, "Shika hapa. Pumua. Sikuachi." Simpandishi mtumbwini, maana tutapinduka sote wawili. Namwendea kwa pua ya mtumbwi, nampa boya, akishashika vizuri napuliza filimbi na kumvuta polepole hadi pale miguu yake inapogusa mchanga. Mahubiri yatakuja siku nyingine. Kwanza mtu apumue.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penye ujumbe wangu wa leo.

Wazee walisema mfa maji haishi kutapatapa. Ni kweli kwa yule ambaye bado ana nguvu. Huyo anapunga mkono, anapiga kelele, na kila mtu anamwona. Lakini kuna yule ambaye nguvu zimemwisha, na huyo hapigi kelele hata kidogo. Mwokoaji mmoja wa New York, Frank Pia, aliwachunguza watu wanaozama akaeleza jambo hili vizuri. Mdomo wa anayezama unaingia majini na kutoka kwa muda mfupi sana, muda wa kuvuta pumzi tu. Haubaki muda wa kuita. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kama mtu anayetafuta meza ya kuegemea. Kichwa kimelala nyuma, mwili umesimama wima, miguu haipigi. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anazama.

Sekunde 60, mpendwa. Hata wimbo mmoja wa sifa haujaisha.

Jumatatu moja ya Pasaka nilimwona kijana wa miaka kama 14 akiwa hivyo. Rafiki zake walikuwa wanarushiana mpira hatua chache tu kutoka kwake, wanacheka. Hakuna aliyejua. Nilipomfikia alishika boya kwa mikono yote miwili, akatapika maji, na ilipita dakika nzima kabla hajaweza kutamka neno. Rafiki zake walishangaa. "Lakini alikuwa hapa hapa na sisi!" Ndiyo, alikuwa hapo hapo.

Si wote tunaowafikia. Sikukuu nyingine kijana mmoja aliyekuja na jamaa zake kutoka bara aliingia majini mbali na pale tulipokuwa. Waliogundua kwamba hayupo waligundua wakati wa kuhesabiana ili wapande basi. Wapiga mbizi walimpata jua likitua. Mimi niliketi mchangani na shangazi yake, ameshika viatu vya yule kijana, na alikuwa na swali moja tu. Aliniuliza mara nyingi. "Pasta, kwani hakuita?"

Nikamwambia, "Hakuweza kuita, mama."

Wapendwa, swali la yule mama nalisikia kila mahali. Nalisikia kwenye matanga. Nalisikia ndugu anapoacha ibada miezi mitatu na ndipo tunaanza kuulizana habari zake. Nalisikia ndoa inapovunjika na sisi tulikuwa tunakaa kiti kimoja na wale wawili. "Kwani hakusema? Si angetuambia tu?" Tunauliza kana kwamba kila anayezama ana pumzi ya kuita.

Soma Mathayo 14 taratibu. Petro alilia aokolewe wakati gani? Alipoanza kuzama. Alipoanza! Bado mdomo ulikuwa juu ya maji. Na Yesu alikuwa karibu kiasi cha kunyoosha mkono tu na kumshika. Nayaona mambo mawili hapo. Kama wewe ndiye unayezama, ita mapema. Usingoje mpaka uonekane umeshindwa kabisa ndipo umtafute mzee wa kanisa au kiongozi wa ushirika wenu. Na kama wewe uko salama, kaa karibu. Mkono haumfikii mtu aliye mbali.

Basi wiki hii nakupa kazi. Usimtafute anayepiga kelele, huyo ameshaonekana. Mtafute aliyenyamaza. Yule kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na siku hizi anajibu "niko poa" tu. Yule mama wa kwaya anayetabasamu kila Jumapili na kuondoka kabla ya baraka. Mpigie simu. Usianze na mistari ya Biblia. Mwambie, "Niko hapa, sikuachi." Mwache apumue.

Na kwa vile Desemba inakaribia na makanisa mengi yanapanga safari za pwani, niruhusuni niseme na maji ya kweli pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao ni katika nchi kama zetu. Kuna wanaosema, "Pasta, sisi tumefunikwa kwa damu ya Yesu." Amina, nami nimefunikwa. Lakini soma Matendo 27. Mungu alikuwa ameahidi kwamba watu wote 276 waliokuwa na Paulo chomboni wangepona. Ahadi ilikuwepo. Hata hivyo waliojua kuogelea waliogelea, na wasiojua walishika mbao na vipande vya chombo. Hakuna aliyeambiwa kwamba kushika ubao ni kukosa imani.

Kwa hiyo shika ubao wako. Wakati wa bamvua bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitembea mpaka kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa, yanaporudi yanaweza kujaa nyuma yako kabla hujayaona mbele yako. Waulize wenyeji saa ya maji kujaa. Watoto wakiingia majini, mtu mzima mmoja awe na kazi ya kuwatazama tu, simu iwe mfukoni. Wahesabu kila baada ya muda, msingoje basi. Ukimwona mtu anazama na hujui kuokoa, usijirushe, maana tutatafuta wawili. Ita waokoaji, na umtupie kitu kinachoelea. Hata mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko vizuri unaweza kumshikilia mtu.

Na watumishi wenzangu mnaobatiza mitoni na baharini, msiingie majini bila watu wawili wanaojua kuogelea pembeni yenu na kamba ikiwa tayari.

Tuombe. Baba, tupe macho ya kumwona aliyenyamaza. Tupe miguu ya kumwendea kabla hatujaulizana habari zake. Na anayesoma haya usiku huu huku maji yamemfika shingoni, mpe ujasiri wa kumpigia mtu mmoja simu sasa hivi. Katika jina la Yesu.

Kama ni wewe, nitumie ujumbe. Usijieleze sana. Andika tu "Pasta, niko hapa," nami nitajua.

Amina.